Rangi ya Manjano: Safari Yetu ya Kizimbani

 Leo twapenda kuwasimulia safari fupi tuliyoifanya pamoja na vijana wetu wa chuoni. Safari hiyo haikuvuka bahari wala haikuchukua zaidi ya siku moja, lakini ilitufunza jambo ambalo lau tungelijua miaka thelathini iliyopita, tusingelitenda kosa tulilolitenda. Kosa hilo tutalieleza mahali pake.

Sababu ya safari ilikuwa ni swali. Tulikuwa twasomesha kisa cha ng'ombe wa Bani Israili katika Suratul Baqara, na tulipofika pale inapotajwa rangi ya ng'ombe yule kuwa ni manjano, mtoto mmoja akainua mkono akauliza: "Maalim, manjano ni pambo tu, au ina kazi?" Siku chache kabla ya hapo tulikuwa tumesoma katika Suratuz Zumar habari za mimea inayostawi kwa mvua kisha ikageuka manjano. Basi mwenzake akaongeza: "Na jani likigeuka manjano, rangi hiyo hutoka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Mwalimu kusema hajui si aibu. Aibu ni kuridhika na ujinga wake. Tukamwendea kijana mmoja aliyesoma kwetu zamani, ambaye leo anasomesha sayansi katika skuli moja ya mjini. Alipolisikia swali alicheka, akasema: "Maalim, swali hili tusilijibu ubaoni. Twende nalo shamba, watoto wakaone kwa macho yao." Nasi tukakubali.

Tuliondoka mjini siku ya Jumapili asubuhi, sisi na yeye na wanafunzi 12. Ulikuwa mwisho wa vuli, msimu wa maembe, na pale Darajani matenga ya maembe na mapapai yalikuwa yamejaa hadi njiani. Gari letu lilifuata barabara ya kaskazini iliyo karibu na bahari, likapita Mtoni, yalipo magofu ya jumba la Seyyid Said bin Sultan, likafika Bububu. Hapo barabara ya mashamba hukata mkono wa kulia, ikapanda kwenda Kidichi, lilipo lile hamamu la kale lililojengwa katika zama za Seyyid huyo huyo, kisha ikaendelea mpaka Kizimbani. Nchi hiyo ni ya mikarafuu, minazi, midalasini na mipilipili manga. Kando ya njia watu walikuwa wameanika karafuu juu ya majamvi, na harufu yake ilitupokea kabla hatujateremka garini.

Mzee wa shamba alikuwa akitungoja chini ya mwembe. Tulipomtolea salamu aliitikia kwa furaha, akasema: "Karibuni, Maalim. Karibuni, wanangu. Leo mmekuja kula au mmekuja kusoma?" Watoto wakajibu kwa sauti moja: "Yote mawili, babu!"

Somo la kwanza lilikuwa chini ya mpapai. Kijana wetu aliokota jani lililoanguka, la manjano tupu, kisha akachuma jingine bichi la mti ule ule, akayaweka pamoja. Watoto walidhani kwamba jani likizeeka hupata rangi mpya. "Sivyo," akawaambia. "Manjano hii ilikuwamo ndani ya jani tangu lilipokuwa changa. Ilifunikwa na rangi ya kijani iliyo nyingi zaidi." Akaeleza kwamba ile ya kijani, iitwayo umbijani, ndiyo inayopokea mwanga wa jua ili mti ujitengenezee chakula. Manjano iliyo pamoja nayo ni ya jamii ya karotini, nayo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuunasa mwanga ambao umbijani hauwezi kuupokea vizuri, na kuukabidhi kwake. Ya pili ni kulikinga jani lisiunguzwe na jua linapozidi, kama vile mtu anavyojikinga kwa mwavuli. Jani likiwa karibu kufa, mti huuvunja umbijani na kurudisha ndani ya shina kile cha thamani kilichomo, hasa naitrojeni. Manjano hubaki nyuma, na hapo ndipo huonekana.

Basi watoto wakapata jawabu la swali la pili kabla ya la kwanza: manjano ya jani haiji wakati wa kufa, bali huwa imefanya kazi maisha yote bila ya kuonekana.

Kutoka hapo mzee alituongoza mpaka kwenye kijishamba cha mmea wa manjano wenyewe, ule uliotupa jina la rangi hii katika lugha yetu. Akachimba kwa jembe dogo, akatoa tumba zilizofungamana kama vidole, akalivunja moja. Ndani yake mlikuwa na rangi kali, na vidole vyake vikashika manjano hapo hapo. Akakisugua kitambaa cheupe kwa tumba lile, kisha akamwita mtoto mmoja amletee kikombe cha maji ya majivu. Alipoyadondosha, pale palipolowa pakageuka pekundu kama damu ya mzee! Watoto walishangaa. Halafu akakamua ndimu juu yake, na manjano ikarudi. "Bibi zetu walilijua hili," akasema mzee. "Nguo yenye doa la mchuzi ukiipaka sabuni, utaiona ikigeuka."

Kijana wetu akaeleza kwamba rangi hii ni nyingine kabisa, si ya jamii ile ya jani la mpapai. Jina lake ni kurkumini, na wataalamu wa Ulaya waliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1815. Hulisaidia tumba kujilinda na ukungu na wadudu huko ardhini. Sisi hulitia tumba hilo katika pilau, katika mchuzi, na katika singo ya maharusi. Walakini mtu asidhani kwamba kwa kuwa mchuzi wake ni wa manjano, basi amekula kila faida ya rangi hiyo. Maneno haya tuliyashika, kwa kuwa tulikuja kuyahitaji baadaye.

Karibu na hapo ulikuwapo mzingefuri, mti wenye matunda ya miiba laini na mbegu nyekundu, ambao asili yake ni Marekani ya joto. Ukizisugua mbegu zake mkononi hutoa rangi ya manjano yenye wekundu, na viwanda huitumia kuzipaka rangi siagi na jibini. Rangi hii ni ndugu ya zile za jamii ya karotini, lakini mwili wa mwanadamu hauwezi kuigeuza kuwa vitamini. Kwa hiyo hata ndugu wa nyumba moja hawana kazi moja.

Tulipokuwa tukipumzika, vipepeo wadogo wa manjano walikuwa wakiruka juu ya nyasi, na katika makuti ya mnazi ndege waitwao mnana walikuwa wakifuma viota vyao kwa kelele nyingi. Mtoto mmoja akauliza kama na hawa manjano yao ni moja. Hapo tukajifunza tofauti kubwa. Kipepeo yule hujitengenezea rangi yake mwenyewe mwilini. Frederick Gowland Hopkins wa Uingereza alianza kuandika habari za manjano ya mbawa za vipepeo mwaka 1889, na mtu huyo huyo mwaka 1929 alishiriki kupata Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake juu ya vitamini. Kasuku naye ana rangi zake za kujitengenezea. Lakini mnana hana uwezo huo. Manjano ya manyoya yake imetoka katika mbegu anazokula, na katika wadudu waliokula majani. Akikosa chakula chenye rangi hiyo wakati manyoya mapya yanapoota, rangi yake hupungua.

Na hivi ndivyo walivyo karibu wanyama wote katika habari ya rangi za jamii ya karotini. Mmea huzitengeneza; mnyama huzipokea. Simba hawezi, ng'ombe hawezi, na mwanadamu pamoja na akili zake zote hawezi. Asipopewa na mmea, au na mnyama aliyekula mmea, hana pa kuzipata.

Adhuhuri tulisali, kisha Bi wa nyumba akatuandalia chakula: wali, mchicha wa nazi, samaki, papai, na mayai ya kuchemsha. Alipoyakata mayai, watoto waliona kwamba baadhi ya viini vilikuwa vya manjano iliyokoza, na vingine vimepauka. Akacheka akasema: "Haya yaliyokoza ni ya kuku wangu wanaozunguka wenyewe shambani. Na haya ni ya jirani. Kuku wake amewafungia, huwapa chenga za mchele na muhogo." Kijana wetu akasema kwamba Bi amekwisha kulisomesha somo lote. Kuku huchukua rangi ziitwazo luteini na zeaksantini kutoka katika majani na mahindi ya manjano, akaziweka katika kiini cha yai. Mahindi meupe tunayosagia sembe hayanazo ila kidogo sana.

Kisha akatwambia jambo lililotunyamazisha. Nyuma ya jicho la mwanadamu, mahali hasa panapotumika kusomea herufi ndogo na kutambua uso wa mtu, pana doa la manjano, dogo kuliko punje ya hindi. Rangi za doa hilo ni zile zile mbili zilizomo katika kiini cha yai na katika jani la mchicha. Kazi yake ni kuupunguza mwanga mkali wa buluu kabla haujafika kwenye chembe za kuonea. Kila mmoja wetu anapofungua msahafu wake, husoma kupitia doa hilo la manjano ambalo mwili wake haukuweza kulitengeneza, bali alilipata katika sahani.

Tuliagana na wenyeji wetu baada ya Alasiri, na Magharibi ilitukuta Bububu, tukasali hapo. Tulipotoka msikitini giza lilikuwa limeanza kuingia. Watoto walikuwa wakiruka mtaro wa kando ya barabara, huku na huku, wala hapana hata mmoja aliyejikwaa. Tulipowatazama, tuliona ya kuwa ndio wakati wa kuwaeleza kosa letu, nasi twawaeleza nanyi.

Miaka thelathini iliyopita, tulipokuwa vijana katika kazi hii, tulikuwa na darasa baina ya Magharibi na Isha kwa mwanga wa kandili. Alikuwako mtoto wa miaka 7 ambaye mchana alisoma vizuri kuliko wenziwe. Jioni alikuwa mtu mwingine. Alijikwaa kwenye viatu mlangoni, aliwakanyaga wenzake, na juzuu alipofunguliwa alinyamaza kimya. Tulidhani ni utundu na uvivu. Tulimkaripia mbele ya watu, na usiku mmoja alipoipiga kandili kwa mguu ikamwaga mafuta mkekani, tulimchapa. Hakulia wala hakujitetea.

Asubuhi yake bibi yake alikuja, akakaa kizingitini, akasema: "Maalim, mjukuu wangu si mtundu. Jua likizama haoni. Hata sahani yake huipapasa." Tuliona haya mbele ya mama yule mtu mzima. Tukamchukua mtoto pamoja naye mpaka hospitali. Daktari alipouliza habari za chakula chake, bibi alisema kwamba mtoto aliugua surua miezi michache nyuma, na kwamba nyumbani walikula muhogo mkavu na chai ya rangi, na wali siku zikiwa njema. Mboga za majani mtoto hazitaki, na bibi hakumlazimisha. Daktari alimpa vitamini A, akamwagiza bibi juu ya mchicha, papai na samaki. Baada ya siku chache mtoto alianza kuona jioni kama wenziwe. Tulimwita mbele ya wale wale waliomwona akichapwa, tukamtaka radhi. Leo ni mvuvi, na usiku huingia baharini na ngarawa yake. Yeye alisamehe mapema. Sisi bado twakumbuka.

Sababu ya maradhi yale sasa twaijua. Mwaka 1831 mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Wackenroder aliitenga rangi ya karoti, ndiyo ikaitwa karotini. Mwaka 1930 Thomas Moore wa Uingereza alionyesha kuwa karotini ikiliwa hugeuka vitamini A mwilini. Na mwaka 1933 George Wald aliikuta vitamini hiyo katika utando wa nyuma ya jicho. Kwa uchunguzi wake wa macho alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Kwa vitamini hiyo jicho hutengeneza rangi maalumu ya kuonea penye mwanga mdogo. Ikipungua, mtu huanza kukosa kuona wakati wa magharibi. Ikizidi kupungua, jicho hukauka, hupata vidonda, na mtoto huweza kupofuka moja kwa moja, huku mwili wake ukishindwa kupigana na surua na kuhara. Shirika la Afya Duniani lilipata kukadiria kwamba watoto baina ya 250,000 na 500,000 walikuwa wakipofuka kila mwaka kwa sababu hii, na nusu yao wakifariki kabla ya miezi 12.

Basi, enyi wazazi wenzetu, twawausia mambo machache ambayo hayahitaji utajiri.

Kwanza, msidharau majani. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga yana karotini nyingi, ingawa manjano yake imejificha chini ya kijani. Kadhalika embe bivu, papai, boga na karoti. Viko pia viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, vinavyoitwa viazi lishe. Robert Mwanga wa Uganda ni miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, wakiwamo waliovieneza viazi hivyo katika Afrika. Nao ndugu zetu wa Kigoma na wa Kongo wana mafuta ya mawese, ambayo wekundu wake ni karotini. Yakisafishwa kiwandani mpaka yakawa meupe, fadhila hiyo huondoka.

Pili, karotini huyeyuka katika mafuta, wala haipokelewi vizuri na mwili bila ya mafuta. Kwa hiyo mchicha uliokatwakatwa ukapikwa kwa tui la nazi, kama walivyotufunza mama zetu, una faida kuliko uliochemshwa kwa maji matupu.

Tatu, yale maziwa ya mwanzo ya mzazi, mazito ya manjano, yasimwagwe kwa kudhaniwa kuwa ni machafu. Manjano yale ni karotini, na pamoja nayo mna vitamini A na kinga nyingi. Ni haki ya mtoto aliyezaliwa. Na mtoto akitimiza miezi 6 apelekwe kupata matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka mpaka afikapo miaka 5.

Nne, tusidanganywe na rangi. Vinywaji vya dukani na peremende za manjano aghalabu zimetiwa rangi tu. Na bizari ya manjano, pamoja na uzuri wake, haimpi mtoto vitamini A.

Tano, tuitambue manjano iliyo mbaya. Mtoto anayekula papai na boga kwa wingi huweza kupata umanjano viganjani. Huo hauna dhara, na weupe wa macho yake hubaki mweupe. Lakini weupe wa macho ukigeuka manjano, hiyo ni rangi ya nyongo, inayotokana na kuvunjika kwa damu nyekundu, na mgonjwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa. Kwa mtoto mchanga haraka izidi, kwani ikikithiri huudhuru ubongo. Katika miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi alitambua kwamba mwanga hupunguza umanjano wa watoto wachanga, na tangu hapo hospitali hutumia taa maalumu. Kumwanika mtoto uani si badala ya taa hizo.

Tulipofika mjini ilikuwa Isha. Yule mtoto mwenye swali alitushika mkono kabla hajaingia kwao, akasema: "Maalim, basi ina kazi." Tukamwambia: "Ndiyo, mwanangu, na kazi moja ni ile inayokuonyesha mlango wa kwenu sasa hivi." Akatuaga, akaingia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ayalinde macho ya watoto wetu, na atusamehe sisi waalimu na wazazi kila tulipoadhibu kabla ya kuuliza. Na ewe msomaji, ukimwona mtoto akijikwaa wakati wa magharibi, usimkaripie. Kwanza itazame sahani yake.